Koko, sisi tulikuwa wapi?

Ndugu wasomaji, katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya mitego, juu ya mitumbwi, juu ya jando na ndoa. Mara hii tunaomba ruhusa tutoke kidogo mtoni na kuingia darasani. Tutarudi mtoni mbele ya kumaliza.

Kijana mmoja wa kwetu Wagenia aliingia mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha mji huu, ule mwaka ambao zamani tuliuita wa kwanza wa graduat na ambao leo, katika mfumo wa LMD, unaitwa L1. Kila mmoja hapa anajua maana yake. Familia ilichanga pesa za minervali, samaki waliuzwa mpaka wa kula nyumbani wakakosekana, na mama yake akakopa kwa jirani. Siku moja akarudi na silabusi ya historia ya Congo. Jioni akakaa karibu na koko yake, akaanza kumsomea, akigeuza Kifaransa kwa Kiswahili kidogo kidogo.

Koko alisikiliza vizuri. Alisikia ufalme wa Kongo na Wareno waliofika kwenye mdomo wa mto mwaka 1482. Alisikia Waluba, Walunda na Wakuba. Alisikia Stanley, Leopold wa Pili, mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mpira wa damu, mwaka 1908 Ubelgiji ulipoichukua nchi mkononi mwa mfalme wake, kisha 1960. Halafu akauliza: «Na sisi, koko, tulikuwa wapi?»

Kijana akatafuta. Wagenia walikuwa wametajwa mara mbili. Mara ya kwanza chini ya picha ya mitego kwenye maporomoko. Mara ya pili katika mstari mmoja uliosema kwamba watu wa mtoni walikuwa wasaidizi wa wafanya biashara wa pwani, yaani waliwapigia kafi. Mzee akakasirika. «Huyo profesa wako, babu yake alikuwako? Sisi hatukutumikiaka mutu!» Akaingia ndani.

Kwenye egzameni swali likatokea juu ya ule ukurasa. Kijana akaandika sawa silabusi inavyosema, akapata pointi 12 juu ya 20. Lakini alipokuja kutuona hakuwa na furaha. Alituambia: «Batata, niliona sawa nimemuuza koko yangu kwa pointi kumi na mbili.»

Maneno hayo yametukaa moyoni. Tulijiuliza katika kikao chetu: katika jambo hili nani alikosa? Ni profesa, ni mzee, ao ni kijana? Na nyuma ya swali hilo liko lingine kubwa zaidi: mtu anaposoma historia ya nchi yake, anafanya hivyo ili ajue ukweli, ao ili aipende nchi? Na kama hivyo viwili vinagombana, afuate kipi?

Tuanze kwa haki na profesa. Congo ni nchi ya kilomita za mraba 2.345.000, yenye lugha zaidi ya 200. Somo la mwaka wa kwanza lina saa chache tu. Hata malaika hangeweza kumtaja kila mtu. Kuchagua ni lazima, na mwenye kuchagua anaacha. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuachwa ni kutukanwa. Kosa linaanza pale ambapo mwanafunzi haambiwi kwamba kuna uchaguzi uliofanywa. Anapewa silabusi sawa vile nchi yenyewe iko ndani, nzima, na kile kisichokuwa ndani hakikutokea.

Tena historia ya nchi yetu haikusimama hata siku moja ili iandikwe kwa utulivu. Tuangalie iniversite ya mji huu. Ilizaliwa 1963 kama Iniversite Huru ya Congo, 1971 ikaingizwa katika Iniversite ya Taifa ya Zaïre, 1981 ikawa Iniversite ya Kisangani. Mji wenyewe ulikuwa Stanleyville mpaka 1966. Nchi ilikuwa Zaïre kuanzia 1971 mpaka 1997. Profesa Isidore Ndaywel è Nziem alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1997 kikiitwa historia ya Zaïre, na mwaka uliofuata kikatoka tena kikiitwa historia ya Congo. Mto ulikuwa uleule. Yule anayefundisha historia katika hali hiyo anapika juu ya mtumbwi unaotembea. Tumuhurumie kidogo.

Sasa tuwe na haki na koko. Zamani wengi walifikiri kwamba asiyeandika hana historia. Fikira hiyo imekwisha kuanguka. Mwaka 1961 Jan Vansina, Mbelgiji aliyekaa kwa Wakuba kule Kasai, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba maneno ya wazee yanaweza kuwa shahidi wa historia, sharti yachunguzwe sawa vile barua inavyochunguzwa: nani anasema, alisikia kwa nani, na ana faida gani kusema hivyo. Na hapa Kisangani, Benoît Verhaegen, aliyefundisha miaka mingi na kuandika juu ya maasi ya 1964, alitaka historia iandikwe wakati walioitenda wangali hai, waulizwe wao wenyewe. Kwa hiyo koko si mapambo ya jioni. Ni shahidi.

Lakini shahidi naye anaulizwa maswali. Hapo ndipo sisi wenye kupenda desturi tunashindwa mara nyingi. Tunalalamika kwamba profesa amechagua, na tunasahau kwamba mzee naye amechagua. Koko ana kurasa anazozisoma kwa sauti na kurasa anazoziruka. Mara nyingi anaziruka kwa sababu zinamuuma.

Tuangalie jambo lenyewe. Jina Wagenia lenyewe ni la Kiswahili; sisi kwa asili ni Enya, na ile «wa» ya mbele tulivikwa na watu waliotoka mashariki. Mwezi wa kwanza wa 1877 Stanley alipita maporomoko yote saba, kati ya Ubundu ya leo na Kisangani, akipigana njiani na watu wa kando ya mto. Akayapa jina lake mwenyewe, na katika kitabu chake cha 1878 akaandika juu ya miti na vikapu vya kunasia samaki alivyoviona kwenye poromoko la saba. Kwa hiyo mtego ulikuwako mbele yake. Nyuma yake wakashuka wafanya biashara wa pwani, wakitafuta pembe za tembo na watu. Mwezi wa kumi na mbili wa 1883 Stanley akaacha kituo hapa. Mwaka 1887 Leopold akapatana na Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, awe mkubwa wa maporomoko kwa niaba ya Dola Huru. Kisha 1892 vita vikaanza kati ya Dola na wale Waarabu, vikaisha 1894.

Katika mambo hayo yote, nani aliyejua njia ya maji? Nani alikuwa na mitumbwi? Mtu wa pwani hakuteremka maporomoko kwa kusoma Kurani, na Mzungu hakuyapanda kwa barua ya mfalme. Walipigiwa kafi. Kwa hiyo silabusi haikusema uongo. Lakini neno «wasaidizi» ni neno la kivivu. Mtu ambaye kijiji chake kitachomwa akikataa, ni msaidizi? Na yule aliyepata kitambaa na chumvi kwa kazi hiyo, kisha akafunga macho juu ya watu waliofungwa ndani ya mtumbwi wake, hakuwa na sehemu yoyote katika makosa? Inawezekana wote wawili walikuwa wa ukoo mmoja. Inawezekana ni mtu mmoja, asubuhi na jioni.

Na tuseme jingine ambalo litawafanya wazee wetu wacheke ao wakasirike. Koko alipokataa kwa nguvu kwamba tuliwahi kuwatumikia watu wa pwani, alikataa kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Lugha hiyo haikuanguka na mvua. Ilipanda na wafanya biashara wale, ikabaki, ikawa yetu, na leo tunamlilia nayo marehemu wetu na kumwimbia mtoto. Kinywa cha koko kilikuwa kinashuhudia kile ambacho ulimi wake ulikataa. Hatuoni aibu kwa hilo. Kitu kinaweza kuingia kwa mlango mbaya na bado kikawa cha nyumbani.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: kijana hakukosa kwa kuandika kilicho katika silabusi, na hakukosa kwa kuumia. Alikosa, kama ni kukosa, kwa kufikiri kwamba ana njia mbili tu, kumwamini profesa ao kumwamini koko. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo inaitwa historia: kuwauliza wote wawili swali ambalo hakuna aliyeuliza. Nani alipiga kafi? Kwa malipo gani? Akikataa ilikuwaje?

Na asiwaulize hao tu. Tippu Tip aliacha maisha yake yameandikwa, na aliyaandika kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi wetu anasoma habari za mtu huyo kwa Kifaransa, katika mistari minne, kumbe maneno yake mwenyewe yako katika lugha ambayo hata mama sokoni anaielewa. Vilevile mwaka 1980 Mholanzi André Droogers, aliyewahi kufundisha hapa mjini, alitoa kwa Kiingereza kitabu kizima juu ya jando la vijana wa Wagenia. Kilichapishwa The Hague. Vijana wangapi wa Wagenia wamekishika mkononi? Hatusemi haya ili kumlaumu mwandishi. Yeye alikuja, akauliza, akaandika. Tunajilaumu sisi tuliokaa tukingoja mgeni aje atuulize.

Tuje kwa swali lile kubwa, la ukweli na upendo wa nchi. Wengine wanasema: kijana wa mwaka wa kwanza bado ni mbichi, tumpe kwanza mashujaa, makosa yao atayasoma baadaye. Tunaelewa hofu yao. Nchi iliyopigwa sawa yetu inahitaji kitu cha kushikilia. Lakini tumtazame Lumumba, ambaye mji huu unamhesabu kama mtoto wake, ijapo alizaliwa Onalua, kule Sankuru, mwaka 1925. Hapa ndipo alifanya kazi ya posta. Hapa ndipo mwezi wa kumi 1959 mkutano wa MNC uliisha kwa fujo na vifo, naye akafungwa. Lakini hapa pia, mwaka 1956, alikamatwa juu ya pesa za posta, akahukumiwa, akakaa jela mpaka 1957.

Je, tumwambie mwanafunzi? Tunasema ndiyo, tena mapema. Kwa sababu ataambiwa na mtu mwingine, na huyo mwingine atamwambia kwa kucheka. Kijana aliyefundishwa Lumumba asiye na doa, siku akisikia habari za posta atatupa Lumumba mzima. Lakini aliyejua tangu mwanzo kwamba mtu alianguka, akatoka jela, na chini ya miaka mitatu akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi, huyo ana kitu ambacho hakivunjiki upesi. Mwezi wa sita 2022 Ubelgiji uliporudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, na jeneza likapitishwa hapa Kisangani, tuliona watu wazima wakilia. Hawakulia kwa sababu hawakujua makosa yake. Upendo unaohitaji uongo ili uishi ni mgonjwa tayari.

Hata hivyo, ni vyepesi kusema ukweli juu ya mtu mmoja aliyekufa. Ni vizito kusema ukweli juu ya «sisi». Koko aliuliza siku nyingine: «Inchi ninaijua. Iko udongo, iko maji. Ile nasio munasomaka, iko wapi?» Ni swali la filozofi, ijapo limetoka kwa mtu ambaye hakumaliza shule ya msingi.

Jibu la haraka ni hili: taifa tuliliona kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Majeshi ya Rwanda na Uganda, mageni yote mawili, yalipigana ndani ya mji wetu siku sita. Mabomu zaidi ya 6.000 yalianguka. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na wapata 1.700 waliojeruhiwa. Bomu halikuuliza kama wewe ni Mgenia, Mlokele, Mtopoke, Mmbole, Mkumu ao Mturumbu. Tulizikana bila kuulizana kabila. Pale «sisi» ilizaliwa.

Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu «sisi» ya kupigwa ni rahisi. Kila mtu anaikubali. Iko «sisi» nyingine, ya 1964. Mwezi wa nane mwaka ule Wasimba waliuchukua mji, na watu waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba, Wacongo wakiuawa na Wacongo. Baada ya tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walipotua, wengine tena waliuawa kwa kushukiwa tu kwamba walikuwa Simba. Nani aliwaonyesha kwa kidole? Si mabomu ya wageni. Ni jirani. Katika silabusi nyingi mwaka 1964 una majina ya wakubwa na tarehe. Katika nyumba zetu una ukimya. Hapo profesa na koko, ambao hawapatani juu ya kafi, wamepatana kunyamaza.

Na leo swali la ukweli si la darasa tu. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilisema Uganda ilivunja sheria katika nchi yetu. Tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliodhuriwa. Malipo yalianza mwaka uleule, na mfuko wa kuwagawia wahanga, FRIVAO, makao yake ni hapa Kisangani. Basi orodha ziliandikwa. Na katika orodha, ndugu wasomaji, kila mtu alipewa egzameni ya historia bila kujiandikisha chuo. Ulikuwa wapi mwezi wa sita 2000? Nani alikufa nyumbani kwako? Nani anakushuhudia? Anayeandika jina la marehemu asiyekuwako anamwibia marehemu aliyekuwako. Na yule mama ambaye hakuhifadhi karatasi wala picha wala shahidi, mtoto wake amekufa mara mbili. Kama mtu bado anauliza historia inasaidia nini, amwendee mama huyo.

Kwa hiyo kusoma historia ya nchi, kwa fikira zetu, ni kujizoeza haki. Ni kujizoeza kumsikiliza mtu ambaye hayuko tena na hawezi kujitetea, bila kumwongezea na bila kumpunguzia. Anayejizoeza hivyo kwa marehemu wa 1887 atajua kufanya hivyo kwa marehemu wa 2000. Na taifa, kama tunataka kumjibu koko, ni watu waliokubali kuchukua pamoja makosa yao na vilio vyao. Kuchukua vilio peke yake hakutoshi.

Tunapendekeza mambo machache, wala si ya bei kali. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe kazi moja: aende kwa mzee mmoja, aandike kwa lugha ya mzee, aweke jina la mzee akikubali, na tarehe, na mahali. Kisha alinganishe na silabusi na aseme vinapogombana. Sisi wa chama tutahifadhi kaye hizo mahali pakavu. Na wazee wetu tunawaomba kwa heshima: musituambie tu zile kurasa nzuri.

Tulisema tutarudi mtoni. Mnajua mitego yetu. Kila mahali pa kutega pana wenyewe kwa ukoo, na mtu hawezi kuja tu kuweka kikapu chake. Lakini anayepanda juu ya ile miti, maji yakivuma chini, anasimama juu ya fundo lililofungwa na mtu mwingine. Kama aliyefunga alidanganya, anayepanda ndiye anaanguka.

Yule kijana alirudi kwa koko yake. Safari hii hakuleta silabusi, alileta kaye tupu. Hakubishana. Aliuliza tu: «Koko, aliyekataa kupiga kafi, walimufanya nini?» Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba walipiga kafi, ndiyo, na baba yake alimwambia akiwa mtoto asilitangaze. Lakini akasema mmoja wa ukoo alikataa. Walimchukua, hakurudi. Ndiyo maana nyumbani walizoea kusema hatukumtumikia mtu: walikuwa wanamsema yule mmoja.

Kijana akauliza jina lake. Koko akajibu: «Jina silijui tena.»

Kijana aliandika hivyo hivyo katika kaye: jina halijulikani. Tumeliona ukurasa huo. Ni mistari mitano tu, na haumo katika silabusi yoyote.